Manjano na saratani ya utumbo mpana

Dada, umeuliza kama manjano anayokunywa shangazi yako kila asubuhi yanaweza kuunyima damu uvimbe wa utumbo mpana. Wazo lenyewe si la kubuni. Uvimbe ukishafika milimita 1 au 2 unahitaji mishipa yake ya damu ili uendelee kukua. Daktari wa upasuaji Judah Folkman wa Marekani aliliandika hilo mwaka 1971. Seli za saratani hutoa protini iitwayo VEGF, inayoichochea mishipa mipya ichipue kuelekea kwenye uvimbe. Maabara, kwenye visahani vya seli, kurkumini, kemikali iliyomo kwenye manjano, huipunguza protini hiyo.

Shida inaanzia tumboni. Kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya unga wa manjano, na hiyo kidogo inayofyonzwa, ini huivunja upesi. Damuni hubaki chembe tu. Ndiyo maana vidonge vingi vya manjano huongezwa dondoo la pilipili manga, na hapo ndipo mimi ningesita: dondoo hilo linaweza kulizuia ini lisivunje dawa nyingine pia, hata alizoandikiwa hospitali.

Dawa ya kuzuia mishipa iliyothibitika, bevacizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani hiyohiyo, lakini ni kingamwili (protini ya kinga), haitoki kwenye mmea. Irinotecan, dawa nyingine ya saratani hiyo, ndiyo yenye asili ya mti, tena wa China, ila yenyewe hushambulia DNA ya seli.

Manjano ya kwenye mchuzi aendelee nayo. Vidonge, abebe kopo lenyewe akamwonyeshe daktari kabla ya kumeza.