Kwa aliyeuliza kama ampeleke babake India: saratani ya kongosho iliyofika ini

Pole sana, ndugu yangu. Umesema mnataka kuuza shamba la Kilifi mzee akakatwe uvimbe wa kongosho India, na huku ripoti ya picha ya CT yaonyesha umeshafika ini. Mimi nilimuuguza ami yangu hapa Kisauni na maradhi hayo hayo, na hesabu ya shamba niliipiga pia.

Liwacheni kwanza. Ukishaingia ini, kukata kongosho hakumwongezei siku, kwamdhoofisha tu. Daktari alituambia hivyo waziwazi nami nikamchukia wiki nzima.

Macho ya manjano na kujikuna usiku kucha, anzeni hapo. Uvimbe umebana njia ya nyongo, na manjano isiposhuka, kemo, yaani dawa za saratani, kwa kawaida husubiri. Ami aliingizwa kamera mdomoni akawekewa stenti, kijibomba cha kuiwacha wazi njia hiyo. Baada ya siku chache akapata usingizi. Ila homa ya kutetemeka baada ya stenti msiite malaria. Hospitali usiku huo huo.

Kemo haiponyi hapo, huongeza muda. Utafiti wa Ufaransa wa 2011: waliopewa dawa nne za FOLFIRINOX, nusu yao walivuka miezi 11, waliopewa dawa moja tu, gemcitabine, miezi 6.8. Lakini hao walikuwa bado na nguvu zao. Ami alianza na hizo nne. Moja yao, oxaliplatin, hufanya baridi ichome vidole na koo. Mombasa mwezi wa pili, joto lile, na mtu hawezi kushika glasi ya maji ya friji! Baadaye akahamishiwa gemcitabine: wiki tatu dripu, moja mapumziko. Ulizeni pia kipimo cha jeni za BRCA, kwani chaweza kubadilisha dawa.

Tulichochelewa ni chakula. Alikuwa akila, choo kinaelea na mafuta, mwili wayeyuka, nasi twamlaumu hali vizuri. Kumbe kongosho haitoi tena vimeng'enya vya kusaga chakula. Vidonge vyake humezwa pamoja na chakula, hata kama ni chai na mahamri.

Na mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Mkewe aliificha kabatini siku nne, akiamini ni dawa ya kumalizia mtu. Muuguzi wa hospisi, wale wa kutuliza wagonjwa wasiopona, alikuja akaketi naye mkekani, akamweleza: hunywewa kwa saa zake, si kungoja mpaka maumivu yarudi, na dawa ya kulainisha choo kando yake. Jioni ile ami aliomba redio.