Supamaketi Ikihama, Fremu Zinabaki na Nani?

Wamarekani wana pesa. Kwa nini wanabomoa moli nzima, jengo kubwa la maduka, ikishakosa biashara, badala ya kuigeuza hosteli? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Zipo zilizogeuzwa. Lakini moli ni boksi pana lisilo na madirisha. Ukitaka vyumba vinavyoingiza mwanga inabidi ulipasue. Na kubomoa kwenyewe ni gharama. Dixie Square, karibu na Chicago, ilifunguliwa 1966, ikafungwa 1978, ikabaki gofu hadi 2012. Biashara miaka 12, ugofu 34! Randall Park ya Ohio ilifunguliwa 1976 na kufungwa 2009. Ilipobomolewa, Amazon, wale wauzaji wa mtandaoni, wakajenga ghala mahali pale pale. Walishachukua wateja, wakaja kuchukua na kiwanja.

Nani alizianzisha hizi moli? (Sakina)

Victor Gruen, msanifu majengo wa Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938. Moli yake ya Southdale, kule Minnesota, ilifunguliwa 1956, yote chini ya paa moja. Alitaka watu wapate pa kukutana kama mitaani kwao. Alipoona kilichozaliwa ni maegesho ya magari tu, akaikana kazi yake mwenyewe.

Nataka fremu ya vipodozi kwenye moli mpya hapa Arusha. Mwenye jengo anadai kodi ya mwaka mzima. Mama anasema nibaki soko la Kilombero. (Njiro)

Kwanza mpe mama shikamoo yangu.

Kwenye moli wewe hufuatwi. Linalofuatwa ni lile duka kubwa, na wewe unaokota wapita njia. Kwa hiyo usimchunguze mwenye jengo peke yake, mchunguze na huyo mpangaji mkubwa. Sisi wa Arusha tumeliona hili pale kwenye maduka ya TFA. Shoprite, supamaketi ya Afrika Kusini, iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014, kisha Nakumatt nayo ikazama kwenye madeni, na mwanzoni mwa 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Dalili zilionekana mapema: rafu zikianza kupangwa maji ya chupa mstari mzima ili zisionekane tupu, jua kuna wasambazaji hawajalipwa.

Nami niliwahi kuwa na fremu ya vifaa vya simu kwenye jengo ambalo silitaji. Supamaketi ilihama mwezi wa tatu. Kodi nilishalipa hadi Desemba. Nilikuwa nauziana chaja na walinzi.

Kabla hujalipa, nenda Jumanne saa kumi na moja jioni, ukae, uhesabu wanaotoka na mifuko. Jumamosi itakudanganya, watu wanakuja kupiga picha. Omba ulipe miezi mitatu mitatu. Omba pia mkataba useme kwamba duka kubwa likifungwa kodi yako inashuka. Marekani wapangaji huandikiana hivyo, nawe huombi jambo la ajabu. Na uliza mafuta ya jenereta analipa nani. Akigoma kwa yote, mama ameshinda.

Nairobi walibomoa moli zikiwa na wapangaji ndani. Ni kuanguka kwa biashara? (Usa River)

Hapana, kule tatizo lilikuwa kiwanja. Agosti 2018 serikali ilibomoa South End ya Lang'ata na Ukay Centre ya Westlands, ikisema zimejengwa ndani ya hifadhi ya mto. Duka lako linaweza kuwa linauza vizuri na tingatinga likaja vilevile. Ukiona mto Themi unapita nyuma ya jengo, omba kuona hati.

Kununua kwa simu kutaua na masoko yetu? (Kiboriloni)

La chakula, sioni. Parachichi lazima ulibonyeze, na simu haina nyongeza. Ninaowahofia kidogo ni wa mitumba pale soko la Memorial, maana siku hizi nguo nzuri zinapigwa picha na kuuzwa WhatsApp belo likiwa ndiyo kwanza linafunguliwa, wewe uliyepanda daladala unakuta mabaki.