Ukienda Guangzhou kufuata mzigo, usiishie Guangzhou

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wakinipigia simu kabla ya safari huulizia hoteli ya Xiaobei, mtaa wa mji wa Guangzhou, kusini mwa China. Hoteli nawaelekeza, lakini kwanza nataka kujua wanafuata bidhaa gani, maana bidhaa ndiyo inayoamua ulale mji gani. Na kwa jinsi miji ya kule inavyozidi kuungana, jambo hili litakuwa na uzito zaidi miaka inayokuja.

Februari 2019 serikali kuu ya China ilitangaza mpango wa kuunganisha uchumi wa miji tisa ya jimbo la Guangdong pamoja na Hong Kong na Macau. Kazi yenyewe ilianza kitambo. Tangu 2010 unapanda treni ya chini ya ardhi Guangzhou na kushukia Foshan, na usipotazama majina ya vituo hutajua kwamba umebadilisha mji. Juni 2024 likafunguliwa daraja la kutoka Shenzhen hadi Zhongshan, kilomita 24, sehemu yake ikipita kwenye handaki chini ya bahari. Zamani gari lilizunguka kaskazini hadi daraja la Humen, na saa mbili zilikwisha barabarani. Sasa ni kama nusu saa.

Kwa mnunuzi, faida kubwa iko kwenye viwanda. Pango la Shenzhen na Guangzhou limepanda mno, kwa hiyo anayetengeneza vitu anahamia mji jirani na kubakiza ofisi na duka mjini. Hata Huawei, kampuni ya Shenzhen, ilihamishia shughuli zake nyingi Dongguan, karibu na ziwa la Songshan. Ninavyoona mimi, hali hii itaendelea: miji mikubwa itabaki na ubunifu, fedha na mauzo, na mashine zitazidi kwenda Foshan, Zhongshan, Jiangmen na Huizhou. Kwa hiyo duka zuri unaloliona Guangzhou mara nyingi ni la kuonyeshea sampuli tu, na pango lake limeshaingizwa kwenye bei unayotajiwa.

Basi panga safari kwa kufuata machimbo, yaani kule bidhaa zinakotengenezwa au kuuzwa kwa wingi. Samani ziko Lecong, wilaya ya Shunde mjini Foshan, maduka yamepangana kilomita kadhaa. Marumaru, yaani vigae vya sakafuni na ukutani, nazo ni Foshan. Taa za kila aina zinatoka Guzhen, mji mdogo ulio chini ya Zhongshan. Nguo, hasa za kike, nenda Humen upande wa Dongguan. Simu na vifaa vya elektroniki ni Huaqiangbei, Shenzhen. Huna haja ya kuhama hoteli kila siku kama zamani: Foshan unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na treni ya mwendo kasi inakufikisha Shenzhen mapema ukafanya kazi mchana kutwa. Ila kama samani ndizo zilizokupeleka, lala Lecong kwenyewe. Utapumzika vizuri, na utaingia madukani asubuhi kabla wateja hawajajaa.

Usidhani kuungana kumefuta ushindani. Kila mji una serikali yake inayotaka kodi yake, bandari yake na viwanda vyake, na kila mmoja unavutia kwake. Kwako hilo ni jema. Bidhaa ile ile iulize bei katika miji miwili kabla ya kuweka oda. Uliza pia bei ya FOB, yaani bei ya mzigo ukiwa umeshapakiwa melini kule China, ni ya bandari gani. Kiwanda cha Foshan au Zhongshan mara nyingi kiko karibu zaidi na bandari ya Nansha, ya Guangzhou, kuliko ya Yantian, iliyo mashariki ya Shenzhen, na kontena likipelekwa bandari ya mbali bila sababu, gharama hiyo itakurudia kwa njia moja au nyingine. Hili watu hulipuuza, na linaniumiza sana ninapoona mtaji wa mtu aliyejinyima miaka ukipungua kwa swali ambalo hakuuliza.

Hong Kong ni habari nyingine kabisa. Barabara na reli zimeifikia, lakini fedha yake ni tofauti, forodha yake ni tofauti na uhamiaji wake ni tofauti. Kama viza yako ya China ni ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Hong Kong au Macau umeshatoka, na hurudi Guangzhou kwa viza hiyo. Siamini kwamba mpaka huu utaondoka karibuni. Hong Kong ni bandari huru na dola yake hubadilishwa bila vizuizi, na China yenyewe inanufaika kwa hali hiyo.

Ndiyo maana wauzaji wengi wenye kiwanda Foshan au Dongguan watakuomba ulipe kwenye akaunti ya Hong Kong. Si lazima uwe utapeli, ni utaratibu wa kawaida. Lakini kabla hujatuma hata senti, dai leseni ya kampuni ya kiwanda na cheti cha usajili wa kampuni ya Hong Kong, kisha mkataba uzitaje kampuni zote mbili kwa majina kamili na uandike wazi kwamba malipo kwa ile ya Hong Kong ni malipo kwa kiwanda. Jina la mwenye akaunti lifanane na lile la kwenye mkataba herufi kwa herufi. Wakikupa akaunti ya mtu binafsi, kataa, uende kiwanda kingine; maana kwa usafiri wa siku hizi cha jirani utakifikia kabla ya chakula cha mchana.