Kabla ya Kutafuta Wakili wa Ushuru, Tazama Barua Pepe Yako Ni ya Nani

Kwamba nadaiwa ushuru niliambiwa na karani wa benki. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, nimekwenda kutoa pesa za mzigo wa leso. Akatazama kompyuta, akanitazama usoni, kisha akasema polepole, "Mama, akaunti yako ina ilani." Nikadhani ni ujumbe wa simu.

Kumbe KRA, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, wameiandikia benki izuie kilichomo na kuwapelekea, kwa sababu nina deni ambalo sikulipinga. Ningelipingaje na sikuliona? PIN yangu, namba ya ushuru, alinifungulia kijana wa saiba zamani, na barua pepe aliyoiandika mle ilikuwa yake. Barua ya makadirio, ile ya KRA kukwambia wamekuhesabia ushuru kiasi gani, ilikwenda huko ikakaa miezi minne, na kijana mwenyewe keshahamia Malindi. Basi kabla hujasoma mbele, ingia iTax, tovuti ya KRA, uangalie ni barua pepe ya nani iliyomo, na namba ya simu ya nani.

Maana siku ndizo zinazoua. Ukiletewa makadirio una siku 30 za kuandika pingamizi. Zikipita kimya, deni huhesabiwa ni lako, na riba ya asilimia 1 inaongezeka kila mwezi.

Nilianza vibaya. Nilipelekwa kwa bwana mmoja "mwenye mtu wake ndani". Alitaka elfu thelathini, nikampa kumi, na hizo kumi sijaziona wala yeye sijamwona tena.

Ndipo nikapanda ngazi za mawakili kule Nkrumah Road, Mombasa. Wa kwanza aliniuliza nimekuja na kiasi gani. Wa pili, binti mdogo tu wa umri wa mwanangu, aliuliza, "Mama, barua imeandikwa tarehe ngapi?" Nikavuta kiti.

Alinieleza kwamba sheria inaruhusu kuomba kupinga nje ya muda ukiwa na sababu: uliugua, hukuwa nchini, au jambo jingine la maana. Mimi miezi ile nilipasuliwa nyongo, na karatasi za hospitali nilikuwa nazo zote kwenye mfuko wa nailoni. Tukaanzia hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye stetimenti ya benki. Kila shilingi iliyoingia ilikuwa imehesabiwa kuwa ni mauzo ya duka. Lakini akaunti hiyo hiyo ndiyo ya mchezo wetu wa kuchangiana na kupokezana pesa, wanawake ishirini wa Kuze, elfu mbili mbili kila wiki: arobaini elfu zinaingia na kutoka na wala si zangu. Tena kaka yangu aliyeko Jeddah alikuwa akinitumia za kujengea nyumba ya mama. Wakili alinikalisha siku mbili na kalamu tatu: kijani mauzo, nyekundu mchezo, buluu za kaka.

Daftari la mchezo lina madoa ya mafuta ya viazi karai, na kurasa mbili zimechanika. Nikamwambia, mwanangu, ngoja nilinakili vizuri. Akanishika mkono. "Usiliguse, mama. Likiwa jipya, nani ataamini ni la miaka mitatu?" Yeye ni mzaliwa wa Mji wa Kale, mamake pia anacheza mchezo, alijua la kueleza kwenye barua na alijua ni akina nani wa kuandika taarifa za ushahidi. Hii ndiyo sababu siwezi kumshauri mtu kuchukua wakili wa mbali anayemjua kwa simu tu.

Za kijani nazo zilizidi nilizotangaza. Hapo sikuwa na la kusema. Sehemu unayoikubali lazima uilipe au upatane nao utakavyoilipa, ndipo pingamizi lako lishike.

Ukimpata wakili, litafute jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, uone kama ana leseni ya mwaka huu. Muulize kama amewahi kuandika pingamizi la ushuru, maana wengi wetu huku tunawajua wa mashamba. Ada iandikwe, na iandikwe inaishia wapi: KRA wakikataa pingamizi, una siku 30 nyingine za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru, na hiyo ni kazi mbali na bei mbali. Pesa ya ushuru yenyewe usimkabidhi mtu. Toa namba ya malipo, ile PRN, ulipe kwa mkono wako.

Na kama shida yako ni ritani tu, zile taarifa za mapato, ambazo hukufaili, mhasibu anatosha. Usijitie gharama.

KRA wana siku 60 za kujibu. Majibu yalipokuja, mchezo wote ulikuwa umeondolewa. Za kaka walikataa mara mbili alizotuma kwa jina la mwenzake, na sikuweza kuthibitisha. Zilizobaki nalipa kwa mafungu, yamebaki matano. Barua pepe sasa ni yangu, ila paswodi anayo binti yangu, na kila Jumatatu namuuliza kama kuna kitu.