Kabla ya Kumpeleka Mtoto Kirumba, Fikiria Kwanza Geti

Tangu Pamba Jiji, timu yetu ya soka ya Mwanza, irejee Ligi Kuu msimu wa 2024/2025, baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka ishirini, Uwanja wa CCM Kirumba umepata tena uhai, hasa siku ambazo Simba au Yanga ni wageni wetu. Daraja la Kigongo–Busisi nalo lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo mashabiki wa Sengerema na Geita hawacheleweshwi tena na foleni ya kivuko. Wengi wanaokuja sasa wana mtoto mkononi, na hao ndio ninaowaandikia.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka mpwa wangu wa miaka tisa kwenye tamasha la muziki, katika uwanja ambao sitautaja. Tulifika muziki ukiwa umeshaanza. Mageti yalikuwa kadhaa, lakini lililokuwa wazi lilikuwa moja tu, tena jembamba. Msanii aliposikika akisalimia, waliokuwa nyuma yetu walianza kusukuma, si kwa ubaya, bali kwa sababu hawakuweza kuona hali ya mbele. Nilikuwa nimemshika mtoto vidole, na kwa jasho vikaniponyoka. Nilipotazama chini niliona miguu yake haigusi ardhi. Alikuwa amebanwa katikati ya viuno vya watu wazima, kandambili moja imeshapotea, mdomo wazi na sauti haitoki. Mzee mmoja ndiye aliyemnyanyua juu ya vichwa, akapokelewa na wengine hadi pembeni.

Sisi huita jambo hilo mkanyagano, na jina hilo linatupotosha, kwa kuwa wengi wanaokufa katika misongamano hawakanyagwi. Hukosa pumzi wakiwa bado wamesimama, kifua kimebanwa kisiweze kutanuka. Machi 2021, watu 45 walipoteza maisha katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Hawakwenda kufanya fujo. Msongamano haumchagui mwenye fujo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko yote, ni kufika mapema. Mechi ikianza saa kumi jioni, uwe umeshaketi saa nane na nusu, hata kama jua litakuchoma ukiwa mzunguko, yaani jukwaa lisilo na paa. Kofia na maji vinatosha kulimaliza tatizo hilo. Mshike mtoto kifundo cha mkono, usimshike vidole, na umtangulize mbele yako badala ya kumvuta nyuma. Mwandikie namba yako ya simu kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa mkono, kisha mwonyeshe mahali pa kusimama mkipotezana. Ukishaketi, tafuta kwa macho geti la pili, kwa maana taharuki ikitokea kila mtu hukimbilia alikoingilia.

Ukijikuta umebanwa, usishindane na wimbi la watu. Inua mikono mbele ya kifua ili mapafu yapate nafasi, tulia likisukuma, na likilegea jongea kimshazari kuelekea pembeni. Usiiname kuokota simu wala kiatu. Simu hununuliwa.

Kuhusu tiketi sina mengi: nunua mapema kwenye vituo vilivyotangazwa, kwa kuwa tiketi ya mlanguzi ikikataliwa getini utalazimika kugeuka na kupambana na umati unaoingia. Kwenye tamasha, keti mbali na spika na umzibe mtoto masikio. Masikio yake ni machanga kuliko yako.

Kutoka ndiko wengi wetu tunakosea, kwa hofu ya kukosa daladala. Siku hizi mimi na mpwa wangu, ambaye sasa ananizidi kimo, hubaki tumeketi kama dakika ishirini baada ya filimbi ya mwisho. Tunamalizia karanga zetu huku upepo wa ziwani ukianza kuvuma, na tunatazama geti hadi tuone watu wanapita bila kugusana mabega. Hapo ndipo tunapoinuka na kutembea taratibu hadi daraja la waenda kwa miguu la Furahisha, ambako bodaboda huwa wameshaacha kudai nauli mara mbili.