Kamera hutuma, huchapisha au husambaza?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa kamera za kuhesabu magari. Matokeo ya uchambuzi wa video hupitia MQTT, itifaki ya vifaa kupeana ujumbe kupitia seva ya kati. Niseme kamera "inatuma", "inachapisha" au "inasambaza" matokeo? Na je, "ujumbe utafika mara moja" ni sahihi?

JIBU: Vitenzi vyote vitatu vinafaa, ila si kwa mtendaji mmoja. Kamera huchapisha: huweka matokeo kwenye mada, yaani jina ambalo ujumbe huwekwa chini yake, tuseme "lango-kuu/magari", bila kujua nani atayasoma. Seva ya kati, ambayo mafundi huiita broka, ndiyo husambaza kwa programu zilizojiandikisha kwenye mada hiyo. "Tuma" hudai mpokeaji, na ukimtaja kwa kauli ya kutendea unajikwaa: "kamera inaitumia seva" husomeka kana kwamba seva ni chombo cha kamera. Ikibidi, andika "inatuma kwa seva". (Neno "dalali" nisingelichukua. Dalali hupatanisha bei. Broka haihitaji hata kuelewa kilichomo kwenye ujumbe.)

Jina la mada lililokwisha kuwekwa kwenye kamera usiliguse. "Magari" na "magari" ni mada mbili, na programu iliyojiandikisha kwenye isiyo yenyewe haipewi onyo, inangoja tu.

Penye hatari hasa ni "mara moja". MQTT ina viwango 3 vya uhakika wa kufikisha ujumbe, navyo vinahusu idadi. Kiswahili hutumia maneno hayohayo kwa idadi na kwa haraka, hivyo fundi akisoma "utafika mara moja" ataelewa papo hapo, ilhali hakuna kiwango kinachoahidi kasi. Kiwango 0 kiandike "hautafika zaidi ya mara moja, na huenda usifike kabisa". Kiwango 1 ni "utafika angalau mara moja". Hapo "angalau" ikidondoka, msomaji hatajua kwamba ujumbe unaweza kurudiwa, na gari moja litahesabiwa mawili. Ongeza maelekezo: kila tukio lipewe namba yake ndani ya ujumbe, na programu iitupe namba iliyokwisha kuiona. Kiwango 2: "mara moja tu, bila kurudiwa".

Jihadhari pia na "ujumbe umepokelewa", maana kauli ya kutendwa humficha mpokeaji. Katika kiwango 1 uthibitisho unaorudi kwa kamera hutoka kwa broka, na programu ya mwisho huenda hata haijawashwa. Andika "broka imepokea ujumbe".