Tarumbeta kuukuu, mpulizaji mzee: usianze na kung'arisha

Nilikuwa na miaka 63 nilipopata koneti ya kwanza, yule ndugu mfupi wa tarumbeta, imelala ndani ya sanduku linalonuka ukungu. Siku mbili nzima nikaisugua mpaka nikajiona sura kwenye mdomo wake mpana. Kisha nikapuliza. Ikatoa mlio wa mbuzi aliyekabwa koo.

Nikadhani ni mapafu yangu. Kumbe ni kile kijitundu cha kumwagia maji: kizibo chake, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kilikuwa kimekauka na kupasuka, na pumzi zote zinapotelea hapo. Kukibadilisha kulinichukua dakika kumi. Siku mbili za kung'arisha hazikunisaidia kitu.

Kwa hiyo ukikabidhiwa ala kuukuu, kwanza tafuta pumzi inavuja wapi. Vuta kibomba cha pistoni ya kwanza (pistoni ni vile vifimbo vitatu vya kubonyeza kwa vidole) bila kubonyeza pistoni. Kikichomoka kwa mlio wa "po!", kama chupa iliyofunguliwa, valvu, yaani pistoni na nyumba yake, bado inabana. Kikitoka kimyakimya, una kazi.

Halafu ioshe. Maji yawe ya vuguvugu tu, kwa sababu ya moto hubabua vanishi ya zamani, na sabuni ya vyombo inatosha. Chomoa pistoni kwanza na uzipange kwa namba zake, 1, 2, 3, maana kila moja ina nyumba yake na ukizichanganya pumzi haipiti. Usithubutu kuzigusa kwa msasa. Nafasi kati ya pistoni na nyumba yake ni nyembamba kuliko unywele, na ukiikwangua hairudi. Ndani ya mabomba pitisha brashi ndefu inayopinda. Yangu ilitoa ute wa kijani ambao sitauelezea zaidi, ila nilijiuliza nimekuwa nikivuta nini kifuani.

Vibomba vilivyoganda vinahitaji subira kuliko nguvu. Dondoshea mafuta ya kulegeza kutu kwenye maungio, acha hadi kesho, rudia. Pitisha kitambaa kigumu kwenye mkunjo wa bomba, shika ncha zote mbili, vuta kwa mshtuko. Changu kilitoka siku ya sita. Kipulizio kilichokwama, hapana, hicho mpelekee fundi mwenye kifaa chake cha kukichomolea. Mimi nilitumia koleo mara moja, na bomba likajisokota kama kamba.

Kuna ugonjwa mmoja ambao hauponi. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na mate ya miaka mingi huila ile zinki. Ukiona madoa ya rangi ya waridi kwenye bomba linalopokea kipulizio, hasa yenye kitone cheusi katikati, ujue linaoza kutoka ndani, na dawa ni kuliweka jipya. Kinyume chake, mbonyeo mkubwa kwenye mdomo mpana mara nyingi hauharibu sauti. Mdogo karibu na kipulizio ndio wa kuhofia.

Na ukijiunga na wenzako ukajikuta uko juu kila noti hata ukivuta bomba la kulinganishia lote, usijilaumu haraka. Bendi za shaba za Uingereza zilipiga kwa ulinganifu wa juu, noti ya LA ikiwa karibu hezi 452 (mitetemo kwa sekunde) badala ya 440 ya leo, mpaka miaka ya 1960. Ala nyingi za huko zilizaliwa hivyo. Fundi anaweza kurefusha bomba, au utaipiga peke yako nyumbani, jambo ambalo si baya hata kidogo.

Sasa mwili. Midomo ya mzee huchoka ghafla, haitoi taarifa. Mimi napiga dakika 15 asubuhi na 15 jioni, na napumzika muda uleule niliopiga. Naanza na noti za chini, ndefu, za taratibu. Za juu zinakuja zenyewe zikipenda. Mwenye meno ya bandia apulize akiwa ameyavaa na yamekaa sawasawa, maana yakicheza, sauti nayo inacheza. Nilipobadilishiwa yangu nilirudi nyuma miezi mitatu, nikakasirika kama mtoto. Mwenye shinikizo la damu, henia au presha ya macho amwambie daktari wake kwanza kwamba anapuliza, kwa kuwa kukaza pumzi kunaweza kuzidisha vyote hivyo. Ukiona kizunguzungu, weka chini.

Ile koneti ninayo bado. Mdomo wake una mbonyeo upande wa kushoto, saizi ya kidole gumba, na mng'aro wa zile siku mbili umeshafifia. Kizibo ndicho ninachokikagua kila Jumapili.